Lodi Aliyepigiwa Kura: Rosebery, Mitaro ya London na Bendera ya Kampala

Kuna barabara London inaitwa Rosebery Avenue, basi namba 38 linapita pale na 19 pia, ukitokea Angel unateremka kwenda Holborn. Mimi nimepita hapo sijui mara ngapi, kichwa kwenye simu, sijawahi kujiuliza hata siku moja. Sasa kuna siku nimekaa na rafiki yangu Mganda, mtu wa Kampala kabisa, akaona kibao akacheka peke yake, nikamuuliza vipi, akasema "huyu mzee ndo aliyetununua". Nikamwambia acha utani, mzee gani, hili si jina la mtaa tu. Akaniambia kasome wewe mtu wa Unguja, na nyinyi mumo humohumo.

Basi nikasoma, na kilichonishangaza sio Uganda. Uganda nilikua nategemea, lodi wa Kizungu wa miaka ya 1890 ukimkuna kidogo tu lazima utakuta nchi ya mtu mfukoni. Kilichonishangaza ni hiyo barabara yenyewe, manake haikupewa jina lake kwa sababu alikua Waziri Mkuu wa Uingereza, ilifunguliwa 1892 na uwaziri mkuu hajaupata bado. Ilipewa jina lake kwa sababu alikua mwenyekiti wa halmashauri, yani kama vile meya wa jiji au mwenyekiti wa madiwani, mtu wa mitaro na taka na vivuko.

Tumuelewe kwanza ni nani. Archibald Philip Primrose, kazaliwa London 1847, baba yake kafariki yeye ana miaka mitatu, babu yake kafariki 1868 na hapo kijana wa miaka 20 anaamka asubuhi ni Earl wa 5 wa Rosebery, yani lodi wa kurithi, mwenye ardhi ya Dalmeny kule pembeni ya Edinburgh. Skuli kasoma Eton, chuo Oxford, ila Oxford hakumaliza. Alinunua farasi wa mashindano anaitwa Ladas na wanafunzi walikua hawaruhusiwi kumiliki farasi wa aina hiyo, wakuu wa chuo wakamwambia chagua moja, farasi au masomo, akachagua farasi. 1869 farasi akaingia kwenye Derby, yale mashindano makubwa ya farasi pale Epsom, akatoka wa mwisho. Watu wengine hapo wangeona aibu, yeye akaendelea tu, na miaka 25 baadaye farasi mwengine aliyempa jina hilohilo la Ladas akashinda Derby, mwenyewe akiwa Waziri Mkuu, alafu mwaka unaofuata akashinda tena na farasi mwengine. 1878 akamuoa Hannah de Rothschild, mtoto pekee, wazazi wote wameshafariki, ana jumba la Mentmore na utajiri ambao England nzima ilikua inauzungumza. Ndo maana wakamtungia hadithi kwamba toka kijana aliweka nia tatu, kuoa mwenye mali, kushinda Derby na kuwa Waziri Mkuu. Kama aliyasema kweli au hakuyasema, yote matatu aliyapata.

Kwa lugha ya kwetu huyu ni mwinyi, na vitabu vya siasa vya zamani kule bara vingemwita kabaila. Hakuna kitu hapo cha kukufanya udhani mtu huyu atakuja kukaa kwenye kamati kujadili maji taka.

Ila kuna jambo moja ambalo wengi wanaomuandika wanalipita haraka, na mimi naona ndo ufunguo wa mtu huyu wote. Kule Uingereza enzi zile ukishakua lodi wa kurithi ulikua unakaa Bunge la Malodi, kiti chako kipo, hakuna wa kukung'oa, lakini huwezi kugombea Bunge la Makabwela, lile la kuchaguliwa. Rosebery kaupata ulodi ana miaka 20, yani kabla hata hajafika umri wa kugombea kitu. Kwaiyo mlango wa kura ulifungwa kabla hajaugonga. Alikua msemaji hodari, watu walikua wanajaa kumsikiliza, 1879 na 1880 ndo aliyempokea mzee Gladstone, mkubwa wa chama chao cha Liberal, nyumbani kwake na kumpangia zile kampeni za jimbo la Midlothian zilizotikisa nchi, treni, mienge, umati. Kura zilikua za Gladstone. Yeye alikua mwenye nyumba.

Sasa njoo London. Mji wa watu zaidi ya milioni 4 na hauna serikali ya kuchaguliwa. Toka miaka ya 1850 kulikua na kitu kinaitwa Bodi ya Ujenzi ya Metropolitan, wajumbe wake hawachaguliwi na wananchi moja kwa moja, wanatumwa na mabaraza madogo ya mitaa. Tusiionee, bodi hii ilijenga ile mitaro mikubwa ya maji taka chini ya injinia Bazalgette baada ya mwaka 1858 mto Thames kunuka mpaka wabunge wakashindwa kukaa, na mitaro ile inafanya kazi hadi leo. Lakini kufikia miaka ya 1880 ilikua imeoza kwa rushwa, maafisa wanakula kwenye viwanja na ukodishaji, mpaka 1888 ikaundwa tume ya kifalme kuchunguza na uchafu ukatoka nje. Mwaka huohuo serikali ya Lord Salisbury, tena ya Wahafidhina, ikapitisha sheria ya serikali za mitaa, kila kaunti iwe na baraza la kuchaguliwa, London nayo ipewe lake. Ndo likazaliwa London County Council, LCC kwa kifupi.

Na hapa kuna kisa ambacho mtu yeyote aliyewahi kuona halmashauri za kwetu zinavyovunjwa atakitambua mwenyewe. Uchaguzi wa LCC ulifanyika January 1889 na baraza lilitakiwa lishike kazi tarehe 1 April. Ile bodi ya zamani ilipoona siku zinahesabika ikaanza kuharakisha mambo, kutaka kugawa kontrakti kubwa ya kuchimba handaki chini ya mto pale Blackwall, kuongeza malipo ya kustaafu ya maafisa wake, yani ile tabia ya bwana shamba anayeondoka na majembe. Wajumbe wapya wakapiga kelele kwa serikali, na serikali ikafanya jambo la ajabu, ikaiua bodi mapema, tarehe 21 March badala ya 1 April. Siku kumi na moja tu, lakini ziliokoa hela.

Rosebery aligombea kiti cha City of London akashinda. Fikiria hapo, mtu aliyeshakua Waziri wa Mambo ya Nje 1886, anaomba kura za udiwani. Wenzake wengi waliona ni kujishusha. Tarehe 12 February madiwani wakamchagua awe mwenyekiti, kura 104 kwa 17, na baraza zima lilikua la watu 137, 118 wa kuchaguliwa na 19 wa kuteuliwa na hao waliochaguliwa. Ukitoa zile kura za heshima za wanafunzi wa vyuo vya Scotland waliokua wanamfanya rector, yani mkuu wa heshima wa chuo, huu udiwani ndo kazi pekee ya kiserikali maishani mwake ambayo watu waliamua kwa karatasi kwamba wanamtaka.

Baraza lenyewe lilikua mseto wa kweli. Kuna mabenki, kuna malodi, kuna wanasheria, alafu kuna John Burns wa Battersea, fundi mashine, mjamaa, mtu aliyewahi kufungwa jela kwa ajili ya maandamano ya 1887 Trafalgar Square. Diwani halipwi hata senti, kwaiyo lodi anakaa raha zake, Burns ilibidi wafanyakazi wa Battersea wawe wanamchangia ili aweze kuhudhuria vikao. Na walikuwepo wanawake, Jane Cobden na Lady Sandhurst walichaguliwa na Emma Cons akateuliwa. Mgombea aliyeshindwa na Lady Sandhurst akaenda mahakamani, mahakama ikasema mwanamke mlipa kodi asiye na mume anaweza kupiga kura lakini kupigiwa hawezi, kiti akapewa mwanaume aliyepata kura chache. Ruhusa kamili ya wanawake kukaa kwenye mabaraza ya kaunti ikaja 1907.

Kwa hao wote mtu wa kukaa mbele na kuhakikisha hawatafunani alikua Rosebery, na kwa kila anayesimulia alifanya vizuri. Chama chake kilikua Liberal, na ndani ya baraza kundi lililoitwa Progressives lilikua ndugu zake kisiasa, lakini pale kwenye kiti alikataa kuwa mtu wa kundi. Kazi zilikua za kuchosha, kamati juu ya kamati, taa za barabarani, madaraja, zimamoto, wagonjwa wa akili, kuta za mto, leseni za kumbi za muziki, vyote vinafanyiwa kwenye majengo ya ile bodi ya zamani pale Spring Gardens karibu na Trafalgar Square, pamejaa watu. Mtu huyu ambaye anajulikana kwa kuchoka haraka, kususa, kuandika barua za kujiuzulu, kwenye kazi hii hakuchoka haraka. Mimi hiyo naiona ni ajabu kuliko Derby mbili.

Tarehe 23 March 1889, siku mbili tu baada ya baraza kushika madaraka rasmi, akaenda Woolwich kufungua kivuko. Magharibi mwa London madaraja yapo na watu wanapita bure, ila mashariki ambako ndo kuna wafanyakazi wa viwandani na bandarini, mto ni mpana, meli kubwa zinapita, daraja hakuna. Watu wa huko wakasema sisi tunalipa kodi ileile iliyofanya madaraja ya wenzetu yawe ya bure, kwanini sisi tulipie nauli kwenda kazini? Hoja ikashinda, kukawekwa meli za magurudumu, hakuna tiketi, unapanda tu. Mpango wenyewe kauandaa bodi ya zamani, tuwe wakweli, Rosebery alikata utepe tu. Lakini kivuko kile mpaka leo ni bure, nimekipanda mwenyewe, gari zinaingia, watu wanaingia, hakuna anayekuuliza kitu. Aliyewahi kusimama foleni ya pantoni Kigamboni na shilingi zake mkononi anajua thamani ya jambo hilo, na watu wa Likoni wanaovuka kwa miguu bila kulipa watatikisa kichwa tu.

Mengine hayakuwa rahisi. LCC ilipewa kazi nyingi na nguvu chache. Polisi walikua chini ya wizara, hawamo. Maji yalikua mikononi mwa kampuni binafsi nane, hawamo, na hiyo iliendelea mpaka 1904. Lile eneo la katikati la City lilibaki na utawala wake wa kale na mameya wake wa kofia. Ila pale palipokua na mwanya baraza lilisukuma, mwaka huohuo wa 1889 likaanza kudai kwamba mkandarasi anayetaka tenda alipe wafanyakazi wake mishahara ya haki inayokubalika kwenye fani husika. Leo hilo kwenye masharti ya tenda ni kawaida, enzi zile lilikua ni uchokozi.

Na kuna hotuba yake moja ya 1891 ambayo baadaye watu wa mipango miji waliitumia sana. Anasema London haimpi fahari, inamsumbua, hayo mamilioni ya watu waliotupwa kando ya mto kama kwa bahati nasibu, kila mtu anafanya kazi kwenye shimo lake hamjui jirani yake. Zamani kuna mtu aliuita mji huu jipu, yeye akauliza, kama ilikua jipu wakati ule sasa ni nini? Ni uvimbe, ni matende, unafyonza nusu ya damu na mifupa ya vijiji. Matende! Mimi nilipofika hapo nikasimama kusoma. Kwetu sisi tunaoyajua matende kwa macho, mzee kakaa barazani mguu mmoja umevimba kama gogo, hiyo picha haina haja ya kufafanuliwa. Mwinyi wa Scotland kaona mji mkuu wa dola yake kama mguu wa yule mzee.

Na wakati anasema hayo alikua kwenye msiba. Mke wake Hannah alifariki November 1890 pale Dalmeny, ana miaka 39, homa ya matumbo, juu ya figo zilizokua na matatizo kabla. Homa ya matumbo unajua inakotoka, maji na mikono na vyoo. Mwanamke mwenye mali kama ile, jumba lina kila kitu, bado kaondoka na ugonjwa wa maji machafu. Sitaki kusema ndo uliomrudisha halmashauri, sina ushahidi na huo ungekua uandishi wa sinema. Ninachojua ni kwamba uenyekiti aliuacha kiangazi cha 1890, akapotea kwenye majonzi, na January 1892 akarudi kukaa kwenye kiti kilekile kwa miezi michache, na kwenye uchaguzi wa March hakugombea tena City kwa mabenki, akaenda East Finsbury kwa watu wa kawaida akashinda.

Hapa wengine watasema wewe unamkuza bure, wenye vyeo wengi tu wa enzi zile walikua mameya. Ni kweli. Marquess wa Bute alikua meya wa Cardiff 1890, Duke wa Norfolk akawa meya wa Sheffield 1895. Ila tazama tofauti. Bute alikua na ardhi na bandari ya Cardiff, Norfolk alikua na ardhi Sheffield na haki za soko lake, yani mwenye nyumba kaombwa aje akae kwenye kiti cha mbele, avae mkufu, alishe wageni. Ni mapambo zaidi, na mji unafaidika kwa sababu tajiri anafungua mfuko. Rosebery hakua mwenye London. Ilibidi asikilize hoja, ahesabu kura, ashindwe na kura wakati mwengine, na kesho arudi tena kikaoni na watu walewale.

Lakini nisiwafanye madiwani malaika nao. Mashariki mwa London kulikua na mtaa wa mabanda unaitwa Old Nichol, uchafu, vichochoro, watoto wanakufa kuliko kawaida. Baraza likaamua kuubomoa wote na kujenga nyumba mpya nzuri za matofali mekundu, Boundary Street, kati kati kuna bustani ya duara juu ya kilima, na kilima chenyewe ni kifusi cha nyumba zilizobomolewa. Ukienda leo ni pazuri sana, Prince wa Wales alikuja kuzifungua 1900. Ila watu zaidi ya 5,000 walioondolewa, karibu wote hawakurudi, kodi ilikua kubwa kwao na masharti mengi, wakaenda kujaza mabanda ya mtaa wa pili. Nani alikua na kura pale? Mlipa kodi ya nyumba. Aliyepanga chumba kimoja na familia nzima mara nyingi hayumo kwenye daftari, na asiyekuwemo kwenye daftari hakuulizwa. Weka hilo kichwani, tunalihitaji mbele kidogo.

Rosebery Avenue inafunguliwa July 1892. August 1892, mwezi mmoja baadaye, Gladstone anaunda serikali na anamuomba Rosebery arudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Anasitasita, anabembelezwa mpaka na Prince wa Wales, mwisho anakubali. Kwenye meza anakuta faili la Uganda.

Hali ilikua hivi. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile ya Mackinnon, ilikua imefilisika kwa kweli. Kapteni wao Lugard kafika Kampala mwishoni mwa 1890, January 1892 kukapiganwa Mengo, pale kwenye makao ya Kabaka, bunduki za Lugard zikaamua ugomvi wa Waprotestanti na Wakatoliki, na kampuni ikasema hatuna hela, tunaondoka mwisho wa mwaka. Gladstone na waziri wa fedha Harcourt wakasema vizuri, tuondoke, nchi ya nini ile. Baraza la mawaziri karibu lote liliona hivyo. Rosebery hakutaka. Akacheza kama diwani mzoefu, hakupingana nao waziwazi, akaomba muda, kampuni iongezewe miezi mitatu, alafu tutume mtu akachunguze na kutuletea ripoti. Nani atapinga ripoti? Mtu akatumwa, Sir Gerald Portal, balozi wao pale Zanzibar, na wakati wenzake mawaziri wanadhani anakwenda kuangalia namna ya kuondoka, Rosebery kwenye barua binafsi alikua ameshamuambia kwamba kuondoka hakupo.

Portal akatoka pwani January 1893 na mamia ya wapagazi na askari wa Sultani wa Zanzibar, watu wetu hao, ndo waliobeba mizigo ya hiyo ripoti mabegani. April 1 bendera ya kampuni ikashushwa Kampala ikapandishwa ya Uingereza, May wakasaini mkataba na Kabaka Mwanga. Portal mwenyewe January 1894 kafariki London, na yeye homa ya matumbo. June 1894, Rosebery sasa ndo Waziri Mkuu, Uganda ikatangazwa rasmi kuwa chini ya himaya ya Uingereza.

Na huku kwetu nako March 1893 Sultani Ali bin Said anafariki, Khalid bin Barghash anaingia kasri akitaka kiti, ofisi ya ubalozi inamtoa na kumuweka Hamad bin Thuwaini. Waziri wa Mambo ya Nje kule London siku hiyo ni nani? Ni mwenyekiti wetu wa mitaro. Miaka mitatu baadaye Khalid alijaribu tena na mara hiyo walimjibu kwa mizinga, lakini Rosebery alikua ameshatoka madarakani.

Mwezi huohuo wa March 1893 alisimama mbele ya wanachama wa taasisi ya makoloni London akasema kazi yetu sasa hivi ni kupiga vigingi kwa ajili ya siku za mbele, kama wachimba dhahabu wanavyojiwekea alama kwenye ardhi hata kama hawajaanza kuchimba. Kigingi ni kitu kidogo, lakini kinapigwa kwenye uwanja wa nani? Hilo halikuwemo kwenye hotuba.

Mwanzo nilidhani hawa ni watu wawili, Rosebery mzuri wa halmashauri na Rosebery mbaya wa himaya, na kwamba kosa ni ofisi tu. Alafu nikakutana na hotuba yake ya November 1900 kwa wanafunzi wa Glasgow, na pale akanivunjia hiyo nadharia mwenyewe. Anawaambia dola kama yetu inahitaji kwanza watu wenye afya, na kwenye mabanda na vichochoro vya miji huwezi kulea taifa la kutawala, kwaiyo ukimponya mgonjwa mmoja, ukisafisha mtaa mmoja, unafanya kazi ya dola. Yani mtaro wa Clerkenwell, mtaa unaopitiwa na ile Rosebery Avenue, na bendera ya Kampala kwake vilikua kazi moja. Anamsafisha Mlondon ili awe na nguvu za kututawala sisi. Niliposoma hilo nikakumbuka kile kivuko cha bure na nikacheka kidogo, sio kwa furaha.

Ila bado naona nusu ya nadharia yangu imebaki imesimama. Nia ilikua moja, mazingira yalikua mawili. London alikua anataka kuboresha watu na watu hao walikua na karatasi ya kura, kwaiyo akabanwa, akasahihishwa, Burns akamkatiza, watu wa Woolwich wakamwambia sisi nauli hatulipi. Old Nichol ambako karatasi haikuwepo, nyumba zilikua nzuri na wenyewe hawakukaa. Mengo hakukua na karatasi kabisa, na alichowafanyia alikifanya kwa barua, akiwa mbali, bila kuikanyaga nchi hata siku moja, akiwazunguka hata mawaziri wenzake. Mtu ni yuleyule, tabia ni ileile, ujanja wa kamati ni uleule. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kumwambia hapana.

Na hata kwake mwenyewe naona ilikua hivyo. Uwaziri mkuu hakuupata kwa kura, Malkia Victoria alimteua March 1894 kwa sababu alimpenda kuliko Harcourt. Akakaa miezi 15 ya mateso, Harcourt anamchukia, anaongoza serikali kutoka Bunge la Malodi ambalo lenyewe linaua miswada yake, na mwaka 1895 usingizi ukamkimbia kabisa, analala saa moja au mbili usiku. June hiyo serikali ikashindwa bungeni kwa kura 7 kwenye hoja ndogo ya akiba ya risasi za jeshi na badala ya kupigana akashika mlango akatoka kama mtu aliyefunguliwa minyororo. Aliishi miaka 34 mingine, akiandika vitabu vya historia na kutoa hotuba za kusema kila mtu kakosea, hakushika tena kazi yoyote ya serikali. 1917 mwanawe Neil akauawa vitani Palestina. Mwenyewe kafariki May 1929 Epsom, na kama alivyoagiza walimpigia kwenye gramafoni wimbo wa mashua wa skuli yake ya Eton.

LCC yenyewe ilifutwa 1965, na lile jengo kubwa walilojenga kando ya mto, County Hall, leo lina hoteli na samaki wa maonyesho, watoto wangu wameshaenda kuwaona papa pale.

Nilimpigia simu yule rafiki yangu Mganda wiki iliyopita nikamwambia nimemaliza kusoma, una haki, ila kuna kitu hujui. Ile kampuni ya Mackinnon ilipofungwa 1895 ililipwa fidia ya pauni 250,000, na pauni 50,000 tu ndo zilitoka serikali ya Uingereza. Zilizobaki zilichotwa kwenye hazina ya Zanzibar, zile pesa Wajerumani walizomlipa Sultani kwa kuchukua pwani ya bara. Akanyamaza kidogo. Alafu akaniuliza, kwaiyo risiti mnayo nyinyi?